Chembe au Nyota

Kaka yangu alihamia kwangu na masanduku mawili ya nguo, hadubini moja na gogo bovu. Nguo nilizipokea. Hadubini nikaitafutia meza karibu na dirisha. Gogo nikamwambia litakaa nje, na kama nje hapalifai basi lirudi lilikotoka. Hakubishana. Alilikokota mwenyewe hadi nyuma ya tangi la maji, akapapasa ukuta kutafuta upande usiopigwa na jua, akaliegemeza hapo.

Wiki ya pili nikakuta gogo limetapikiwa. Ndivyo nilivyoona mimi: donge la manjano, laini, linateleza, kubwa kama kiganja. Nikamlaani mbwa wa jirani, nikachemsha maji, nikasugua kwa brashi na sabuni ya unga mpaka gogo likanukia kama shuka za hospitali. Mchana kaka akaenda kulipapasa kama kawaida yake. Akanusa vidole.

“Cherehani,” akaita, “umelifanya nini gogo langu?”

Ananiita Cherehani kwa sababu mimi ni fundi wa nguo, na pia kwa sababu, anavyodai, nikianza kusema hakuna anayejua pa kuzimia.

“Nimeosha matapishi ya mbwa. Asante hakuna?”

Alikaa chini palepale kwenye saruji. “Hayakuwa matapishi. Huyo nimemsubiri tangu nihamie. Kesho asubuhi angekuwa amekauka, nami ningekuomba uniambie vumbi lake lina rangi gani.”

Niliona haya, lakini mimi nikiona haya huwa naongeza sauti. Nikamwambia kama mgeni wake anafanana na matapishi, alipaswa kunitambulisha mapema. Akafikiri kidogo, akakubali kwamba hapo nina hoja. Basi akanitambulisha.

Kitabu chake huwaita viumbe hao ukungu ute, ingawa kaka husema jina hilo linawaonea, maana si ukungu hasa. Si mimea, si wanyama, si uyoga. Wanaishi kwenye magogo yaliyooza na majani yaliyolala chini. Mwanzoni ni ute tu, unatambaa polepole ukila vijidudu usivyoviona. Ukishashiba unasimama, unajigawa, unageuka vijitufe vidogo vyenye vumbi ndani, na ni hapo ndipo mtu anaweza kusema huyu ni fulani na yule ni fulani. Kabla ya hapo hata kaka mwenyewe anakisia tu.

Alikuwa fundi wa maabara ya shule kwa miaka thelathini na nne. Kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya majaribio, kupanga chupa na kuwakemea wanafunzi wanaochezea moto. Chuo hakusoma. Ukungu ute alijifunza peke yake, kwa kitabu kimoja kilichosahauliwa kabatini, na kila mwisho wa wiki alikuwa porini anapindua magogo. Wifi yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyempa maboksi ya viberiti. Njiti alizimwaga kwenye kopo. Kaka alibandika kipande cha gogo ndani ya boksi kwa gundi, akaandika namba juu na lebo chini: kimeokotwa wapi, lini, kwenye mti gani, jina la Kilatini la kilichomo, na jina la aliyetambua. Yalifika maboksi mia tatu na arobaini.

Kisha presha ya macho ikamshika. Ilianzia pembeni kimyakimya, na alipokuja kwangu alikuwa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Maboksi hamsini na nane ya mwisho aliyaokota macho yakiwa tayari yanamkimbia. Yalikuwa na namba na tarehe, lakini hayakuwa na jina la kilichomo.

Mwanawe ni mtu mwema asiye na nafasi. Walipokuwa wanahamisha vitu kutoka nyumba ya baba yake, aliyatia maboksi yote katika mifuko ya taka. Hakuwa na ubaya. Aliona viberiti vitupu. Nilimkuta mlangoni na mifuko mkononi. Maneno niliyomwambia siku ile shangazi hapaswi kumwambia mtoto wa kaka yake, na sijutii hata moja. Maboksi nikayaleta kwangu mwenyewe.

Tukaandika barua chuo kikuu. Akajibu mtaalamu wao, mwanamke, ambaye mimi nilimpa jina Daktari wa Magogo. Barua yake niliisoma kwa sauti mara tatu. Chuo kingepokea mkusanyo wote na kuutunza, mradi kila boksi liwe na jina, au liandikwe wazi kwamba lina shaka. Yasiyo na maelezo hawakuwa na pa kuyaweka. Angekuja mwenyewe mwishoni mwa mwezi kuyakagua, na zilikuwa zimebaki siku ishirini.

“Kwa hiyo,” kaka akasema, “ama maisha yangu yanaingia kwenye kabati la chuo, ama yanarudi kwenye mfuko wa taka.”

“Nani kasema taka? Macho yangu yapo. Nimeyachosha kwa kutunga uzi kwenye sindano, lakini yapo.”

Tulianza siku ileile, na kila siku iliyofuata. Saa kumi jioni nilikuwa nafunika cherehani, nawaambia wateja waje kesho, nakaa kwenye hadubini mwanga ukiwa bado mzuri. Yeye anauliza, mimi naangalia.

“Kina shina?”

“Kina. Jeusi, jembamba kuliko uzi wa kudarizi.”

“Juu kikoje?”

“Kama pini. Pini za kichwa cha kahawia zimechomekwa zikabanana. Ila vichwa ni virefu, kama vidole vya glavu ya mwanasesere.”

“Puliza kidogo.”

Nikapuliza. Vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya, na pini tatu zikaruka zikaenda zisikojulikana.

“Nilisema puliza, sikusema vuma,” kaka alisema. “Vumbi likitoka, ndani panabaki nini?”

“Lesi. Haki ya Mungu, kaka, lesi.”

“Stemonitis,” akasema, na uso wote ukamfunguka. “Andika.”

Akanitajia herufi moja moja, nami nikaandika. Boksi jingine lilikuwa na kitu kama sufu ya waridi iliyofumuka. Jingine lilikuwa na kikapu kilichosukwa, kidogo kuliko tundu la sindano, kimesimama juu ya kijiti chake, na hapo nilinyamaza mpaka kaka akauliza kama nimelala. Miaka hamsini na tisa nimepita kando ya magogo mabovu nikiinua sketi nisichafuke, na hakuna aliyeniambia kuna nini humo.

Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Hatukuwa tumekaa karibu namna ile tangu tulipokuwa tunalala chumba kimoja utotoni, yeye akinisimulia habari za wadudu mpaka nalia. Sasa alikuwa anacheka. Alikuwa amenyoa ndevu bila kukumbushwa.

Siku ya tano tukafika boksi namba mia tatu na saba.

“Kina shina?”

“Kifupi sana.”

“Juu?”

“Kijitufe cha mviringo. Kimenyunyiziwa kitu cheupe.”

“Hiyo ni chokaa.” Akakaa wima. “Sasa angalia vizuri, mdogo wangu. Chokaa yake ni chembe au nyota?”

Akanieleza. Chembe ni punje za ovyo, hazina umbo. Nyota ni fuwele zenye ncha, ukiziona huwezi kukosea. Chembe zikimfanya mtu aitwe Physarum, nyota zinamfanya aitwe Didymium. Wenye chembe alikuwa nao tele. Wenye nyota hupenda zaidi majani yaliyooza. Juu ya gogo ni wachache, na yeye katika miaka yake yote hajawahi kumpata hata mmoja juu ya gogo.

“Hicho alikiona wifi yako,” akasema. “Ni mwezi mmoja kabla hajaanza kuumwa. Mimi nilikuwa nimeshapita, sikukiona. Akaniita nirudi. Akasema, ‘Njoo, hiki kinametameta.’”

Nikaangalia. Nikarekebisha hadubini, nikaangalia tena. Nilichokiona ni unga. Unga mtupu, kama mtu aliyekung'uta unga wa ngano juu ya kitufe.

Nikainua kichwa. Kaka alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kwa nguvu.

“Nyota,” nikasema. “Ni nyota, kaka.”

Hakupiga kelele. Alivua miwani, ambayo hata hivyo ilikuwa haimsaidii kitu, akaifuta kwa pindo la shati. “Alisema kinametameta,” akasema. Kisha akaniomba nimpigie simu mwanawe, akamweleza kwa nusu saa habari za chokaa, na mtoto wa watu akawa anaitikia ndiyo baba, hongera baba. Jioni ile kaka alikula akaongeza. Nikajiuliza ni nani nimemuumiza, nikajijibu hakuna.

Basi nikazoea. Boksi la mia tatu na kumi na mbili lilipofika kwenye chokaa, sauti yake ikapanda, nami ulimi ukatangulia: nyota. La mia tatu na ishirini likafuata mkondo huohuo. Yote mawili yalitoka kwenye magogo. Nilikuwa namkatia kaka furaha kwa kipimo chake, kama ninavyomkatia mteja gauni, na nilijiona fundi kwelikweli.

Zikiwa zimebaki siku nne daktari aje, tukawa tumemaliza yote hamsini na nane. Nilitegemea kaka apumzike. Badala yake alikosa usingizi siku mbili, na siku ya tatu akaniambia nimtolee Physarum zake zote za kwenye magogo, zile za zamani. Nikapekua orodha. Zilikuwa arobaini na tatu. Nikazipanga mezani mbele yake, naye akazigusa moja moja kwa ncha ya kidole.

“Za nini hizi?” nikauliza.

“Nyota tatu juu ya magogo, kwa wiki mbili,” akasema polepole. “Mimi kwa miaka zaidi ya thelathini sikuona hata moja. Hilo haliwezekani, Cherehani. Maana yake nilikuwa naziona nikizisoma vibaya. Kitabu kilisema ni nadra, na mimi nikakitii kitabu.” Kidole kikasimama juu ya boksi moja. “Kumbe hata nilipokuwa na macho nilikuwa sioni.”

Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa vile, hata siku ya mazishi.

“Chukua kalamu,” akasema. “Weka alama ya shaka kwenye zote arobaini na tatu. Afadhali wajue mapema kwamba sikuwa na uhakika na kazi yangu.”

Nilichukua kalamu. Nikashika boksi la kwanza, lebo yake imeandikwa kwa mwandiko ule wa zamani uliosimama wima kama wanafunzi gwaride. Mkono ukagoma. Nilimpa nyota tatu za uongo, na sasa nilikuwa namnyang'anya macho yake ya kweli, yale aliyokuwa nayo, yasiyoweza kuharibiwa na presha wala na kitu kingine isipokuwa mimi.

“Kaka,” nikasema. “Hakuna nyota.”

Akageuza uso upande wangu.

“Mia tatu na saba?”

“Unga. Chembe tupu.”

“Mia tatu na kumi na mbili?”

“Chembe.”

“Mia tatu na ishirini?”

“Hiyo hata sikuiangalia vizuri.”

Akavuta pumzi. “Kwa nini?”

“Kwa sababu ulishika meza.”

Hakuuliza nina maana gani. Aliinuka, akafuata ukuta kwa kiganja hadi chumbani kwake, akafunga mlango. Chakula nikampelekea, nikakirudisha. Nilirudi kukaa na yale maboksi arobaini na matatu, nikayarudisha kwenye nafasi zake bila kuyatia kalamu. Lilikuwa jambo pekee la maana nililoweza kufanya.

Asubuhi nilimkuta mezani kabla ya chai.

“Lete mia tatu na saba,” akasema. “Utaangalia upya. Usiniambie ninachotaka, na mimi sitakuonyesha ninachotaka.” Akageuza kiti akaelekea ukutani, kisha akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Mzee wa miaka sitini na sita, amekalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikajikaza kisabuni, nikaangalia.

“Unga,” nikasema. “Punje hazina umbo.”

“Kwa hiyo ni chembe.”

“Ni chembe.”

“Haya. Maliza. Usiruke kitu.”

Ndipo nikaangalia kama alivyonifundisha, upande kwa upande, nikisogeza taa. Na nikaona kitu ambacho mara ya kwanza sikukiona, kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kudanganya.

“Ngoja. Unga haujafunika pote. Katikati yake kuna ngozi, na ngozi inachezacheza rangi, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Buluu. Nikisogeza taa, zambarau. Sasa inakuja ya shaba.”

Kaka hakugeuka. “Hiyo ni kweli, au unanipoza?”

“Ni kweli. Nikikudanganya tena cherehani yangu ishike kutu.”

“Wapo Physarum wenye ngozi kama hiyo,” akasema. “Basi aliona sawasawa. Kilimetameta.” Mabega yalimtetemeka kidogo, nami nikamwacha, sikumshika, kwa sababu mikono bado alikuwa ameikalia na hakutaka nimwone.

Tukarudia na yale mengine mawili. Yalikuwa ya chembe. Nilipotaka kuchana lebo za uongo, alisikia mchakacho wa karatasi akanizuia.

“Lebo haichanwi,” akasema. “Hata iwe na ujinga kiasi gani. Unaandika nyingine, unaibandika chini yake, na aliyesahihisha anaweka jina lake na tarehe. Ndivyo kazi hii inavyofanywa kila mahali.”

“Yaani ujinga wangu utakaa humo milele?”

“Utakaa. Na usahihi wako utakaa chini yake.”

“Niandike jina la nani?”

“La aliyeona.”

Mimi niliacha shule darasa la sita. Jina langu huwa naliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa kifupi, kwa haraka. Siku hiyo niliandika lote, mara tatu, na herufi ya mwisho kila mara ilikosa nafasi ikapanda juu.

Daktari wa Magogo alikuja na buti za mpira na makreti yenye sponji. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, na hana maneno mengi. Aliketi kwenye hadubini akawa anachukua boksi hapa na pale, anaangalia, anasoma lebo, anarudisha. Kaka alikaa pembeni akihesabu milio ya maboksi yanavyofungwa. Kisha daktari akafungua mia tatu na saba, na hilo halikufungwa haraka.

“Hapa umeandika Didymium,” akasema. “Wiki mbili baadaye imesahihishwa kuwa Physarum. Sahihisho ni sawa. Lakini niwie radhi, mzee, lazima niulize. Kuchanganya chembe na nyota ni kosa la mwanafunzi anayeanza. Na yapo matatu. Mimi nikipokea mkusanyo napokea neno la aliyetambua, na jina lililo kwenye lebo ya kwanza ni lako.”

Moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Jina lilikuwa lake, uongo ulikuwa wangu, na maboksi mia tatu na arobaini yalikuwa yananing'inia hapo. Nikafungua mdomo. Kaka akaunyoosha mkono, akaupata wangu bila kutafuta sana, akaubana.

“Kosa ni langu,” akasema. “Macho yameniisha, daktari. Nilitaka sana ziwe nyota, nikataka kwa sauti kubwa mpaka mtu anayeniangalizia akaona vibaya kuninyima. Baadaye nikataka kuzitia shaka zile za zamani, nilizotambua nikiwa naona vizuri, na yeye ndiye aliyenizuia. Alirudi kwenye hadubini akaangalia upya, akaniambia nisichotaka kusikia. Ukitaka neno la kuaminika humo ndani, chukua la kwake.”

Daktari aliniangalia, akaangalia lebo.

“Hili ni jina lako?”

“Ni langu,” nikasema, na hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kumpa mgeni.

Alifungua daftari lake. Kwenye mstari wa waliotambua aliandika jina la kaka, akaweka mkato, akaandika langu lote, polepole, akinakili kutoka kwenye lebo. Akasema yote yanaingia, na kwamba akileta mengine kutoka chuoni angependa kujua kama tuna nafasi ya kuyaangalia. Akaanza kuyapanga kwenye makreti.

Sikuweza kujizuia. Nililia nikiwa nimeinama juu ya meza, bila haya, kwa sauti, mbele ya mtaalamu wa chuo kikuu na mbele ya maboksi yaliyokuwa bado wazi.

“Cherehani,” kaka akasema, na mkono wangu alikuwa hajauachia, “kama unalia, sogea nyuma. Sampuli hazitakiwi kupata maji.”

Nikasogea hatua mbili, naye akasogea na mimi, nikaendelea.